Ulezi, Nasaha na Hukumu: Juu ya Lugha ya Wakuu wa Idara na Wahadhiri Wao, kwa Mfano wa Magamba

Madhumuni ya makala haya ni kuchungua lugha itumikayo pale mkuu wa idara katika chuo kikuu anapokaa na mhadhiri wa idara yake, wawili peke yao, ili wazungumze juu ya kazi ya yule mhadhiri na maendeleo yake. Zamani mazungumzo ya namna hii hayakuwa na jina. Yalifanyika barazani, njiani, au baada ya ibada, na aliyeyafanya hakudhani kwamba anafanya jambo lipasalo kuandikiwa kanuni. Siku hizi yamepewa jina, nalo aghalabu ni ulezi, au kwa kirefu ulezi wa kitaaluma. Yamepewa fomu na ratiba. Na mkuu wa idara huweza kuulizwa na walio juu yake ameyafanya mara ngapi kwa mwaka. Sina ugomvi na mazungumzo yenyewe. Ugomvi wangu ni na jina, wala si kwa kuwa linaudhi sikio, bali kwa kuwa linafunika jambo ambalo lugha yetu ilikuwa imekwisha kulipambanua vizuri kabla ya chuo kikuu cha kwanza kujengwa katika nchi hizi.

Nimechagua mfano wa Magamba. Magamba iko milimani Usambara, kilomita chache kutoka mji wa Lushoto kwa njia iendayo Mlalo, kando ya msitu mkubwa wa hifadhi. Hapo Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania ilianzisha mwaka 2007 chuo kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, kwanza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Tumaini, kisha mwaka 2012 kikawa chuo kikuu chenye kujitegemea. Kilijulikana hasa kwa kufundisha walimu wa elimu maalumu. Mahali kama hapo panafaa kwa uchunguzi wetu, kwa kuwa katika chuo kidogo cha mlimani mkuu wa idara na mhadhiri hawakutani ofisini tu: hukutana kanisani, sokoni Lushoto, na katika gari moja literemkalo Soni hadi Mombo. Neno lililosemwa ofisini asubuhi husafiri nao jioni. Tena nchi hiyo ya Washambaa imetuachia kitabu cha Kiswahili juu ya utawala na mashauri, ambacho nitakitaja mbele. Ninayoyasema juu ya mazungumzo hayamhusu mtu fulani wala idara fulani ya chuo kile. Ni sentensi ambazo kila aliyepata kufanya kazi katika idara ya chuo chochote cha Tanzania huzitambua mara moja.

Tuanze na neno lenyewe. Kulea ni kitendo cha mkubwa kwa mdogo. Mama hulea mtoto, bibi hulea mjukuu, na methali yetu husema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Mwenye kulelewa hana hoja. Ana njaa, ana usingizi, ana kilio. Ukimwita mhadhiri mwenye shahada ya uzamili kuwa ni mlelewa wa idara, umekwisha kumwondolea haki ya kubishana kabla hajaketi. Lakini neno lina upande wa pili ambao walioliteua hawakuutazama. Katika Kiswahili cha kila siku twasema kulea uzembe, kulea wizi, kulea donda. Na maana yake ni kuacha jambo baya likue kwa kulifumbia macho. Basi mkuu wa idara asifiwaye kwamba anawalea wahadhiri wake amesifiwa na kushutumiwa kwa neno moja, na wasikilizaji watachagua maana kwa kadiri wampendavyo. (Sitaji ile maana ya tatu, ulezi wa uji, ingawa nimesikia watu wakifanya mzaha nayo penye kikombe.)

Ubaya wa neno hili huonekana wazi zaidi penye tofauti ya umri. Si ajabu katika vyuo vyetu vipya kukuta mkuu wa idara mwenye miaka 38 na shahada ya uzamivu, akiongoza mhadhiri msaidizi mwenye miaka 57 aliyefundisha shule za sekondari nusu ya maisha yake kabla ya kuja chuoni. Asubuhi wakikutana, mkuu wa idara ndiye asemaye shikamoo, na mwenye umri hujibu marahaba. Kwa maamkio hayo daraja zimekwisha kupangwa: mtoto ni nani na mzee ni nani. Dakika 10 baadaye mlango wa ofisi ukifungwa, fomu yadai kwamba yule aliyesema shikamoo sasa amlee yule aliyejibu marahaba. Kiingereza hakipati taabu hapo, maana hakina maamkio yenye kupima umri. Kiswahili chapata taabu, na wasemaji hujiokoa kwa njia ambayo nimeiona mara nyingi: huhamia Kiingereza kwa muda wote wa kulaumu, kisha hurudi Kiswahili ili kuagana. Wengine hulihesabu jambo hili kuwa ni udhaifu wa elimu au majivuno. Mimi naliona kuwa ni adabu. Mkuu wa idara anakataa kulitumia Kiswahili kumdhalilisha mzee, basi anakiazima chombo kisichojua uzee.

Yafaa kukumbuka kwamba hata huko lilikotoka, jina la Mentor halikuwa la mlezi kwa maana yetu. Katika utenzi wa Homer, Mentor ni rafiki wa Odysseus aliyeachiwa nyumba na kijana Telemachus wakati baba amekwenda vitani Troy. Na mara nyingi asemaye kwa sura yake si yeye bali ni mungu wa kike Athena. Fénelon, askofu wa Kifaransa, alimkuza Mentor katika hadithi yake ya mwaka 1699, na tangu hapo jina likawa la kawaida huko Ulaya. Lakini tazama: Mentor si mfalme wa Ithaca, wala hana mali ya kumrithisha kijana, wala hawezi kumnyima kiti. Nguvu ya maneno yake yatoka katika kutokuwa na nguvu nyingine. Mkuu wa idara sivyo alivyo. Yeye ndiye atakayeandika kama mhadhiri athibitishwe kazini, kama apewe ruhusa ya masomo, kama jina lake lipelekwe kwenye kamati ya kupandisha vyeo.

Sasa niingie katika sentensi zenyewe, kwa kuwa humo ndimo jambo linamojificha.

Ya kwanza ni ile ya kuitia: "Nimekuita tuongee kidogo." Neno kidogo hapa halipimi urefu wa mazungumzo. Laweza kutangulia mazungumzo ya saa mbili. Kazi yake ni kupunguza ukali wa nimekuita, maana kuita ni tendo la mwenye mamlaka. Mwenzi haitwi, hutembelewa. Lakini sikio la Mtanzania limezoea kwamba panaposemwa kidogo pana kikubwa, na mhadhiri aliyeitwa kuongea kidogo huingia ofisini akiwa amekwisha kujitetea moyoni. Mlango wa nasaha umefungwa kwa neno lililokusudiwa kuufungua.

Ya pili ndiyo iliyo nzito kuliko zote, nayo huanza kwa "Imeonekana kwamba." Imeonekana kwamba matokeo ya somo lako yamechelewa. Imeonekana kwamba hujachapisha makala tangu uajiriwe. Wanasarufi tangu Ashton na kitabu chake cha mwaka 1944 wamelitenga umbo hili na lile la kutendwa. Nikisema imeonwa, waweza kuniuliza imeonwa na nani, nami sina budi kutaja mtu. Nikisema imeonekana, kwa sarufi iliyo safi swali hilo halina mahali pa kukaa. Jambo limejionesha lenyewe, kama mwezi. Umbo hili ni zuri mno kwa habari za kuonekana kwa mwezi au kupatikana kwa maji; katika ofisi ya mkuu wa idara linamwondoa mkuu wa idara chumbani. Aliyeona ni yeye. Yamkini ni yeye peke yake. Lakini mhadhiri hawezi kumjibu, kwa sababu katika sentensi hakuna mtu wa kujibiwa. Nadiriki kusema kwamba hakuna umbo la kitenzi lililoharibu mazungumzo mengi ya idara kuliko hili, na hali ni umbo ambalo wasemaji wake hulitumia kwa upole wa kweli, wakidhani wanampunguzia mwenzao aibu.

Ya tatu ni ya -nge-. "Ungejaribu kupunguza vipindi vya nje ya chuo." "Ungemwona Profesa fulani akusaidie rasimu." Kwa umbo lake hii ni nasaha iliyo huru: anayeambiwa aweza kuacha, na hakuna lawama. Walakini mwaka ukiisha, katika taarifa iliyoandikwa, ile ungejaribu hugeuka kuwa "alishauriwa", na alishauriwa katika lugha ya taarifa maana yake ni alionywa. Hapa ndipo nasaha inapogeuka ushahidi. Mhadhiri aliyekuwa ameambiwa jambo kwa mdomo wa ndugu anasomewa jambo lile lile kwa kalamu ya hakimu, wala hakuna aliyesema uongo. Ni lugha tu iliyovuka mto bila kulipa nauli.

Naye mhadhiri, hujibuje? Hujibu "Nitajitahidi." Neno hili lastahili makala yake peke yake. Si ahadi, kwa kuwa halitaji kitu kitakachofanyika. Si kukataa, kwa kuwa lina adabu. Lamtosheleza mkuu wa idara aandike kwamba mazungumzo yalikwisha kwa maelewano. Ni ngao iliyopakwa rangi ya utii. Nisisitize kwamba simlaumu mhadhiri asemaye hivyo, maana kilichotakiwa kwake ni jambo gumu zaidi. Mazungumzo haya yaliwekwa ili mtu aweze kusema sentensi moja fupi: "Sijui kulifanya jambo hili." Sijui kuandika makala ikakubaliwa na jarida. Sijui kuwasimamia wanafunzi 60 wa mazoezi ya kufundisha waliotawanyika wilaya tatu. Tangu niolewe sijapata saa moja ya kusoma. Sentensi hizo haziwezi kusemwa mbele ya mtu atakayeandika alishauriwa. Na zisiposemwa, mhadhiri hukaa mhadhiri msaidizi mwaka baada ya mwaka, bila shahada ya uzamivu na bila makala, hadi siku chuo kitakapomwandikia barua. Na barua hiyo nayo itaanza kwa imeonekana.

Waswahili walilijua tatizo hili wakalitatua kwa njia rahisi: waligawa midomo. Mwali hafundwi na mamaye, hufundwa na kungwi au somo. Na sababu si kwamba mama hajui mambo ya unyumba, bali ni kwamba mama ana mamlaka na ana huzuni, na vyote viwili huzuia swali. Mwali aweza kumwuliza somo wake jambo ambalo angekufa kwa haya kumwuliza mama. Posa haipelekwi na baba, hupelekwa na mshenga, ili maneno yakikataliwa pasiwe na aliyevunjiwa heshima. Mwenye kutoa nasaha, mwenye kupeleka maneno na mwenye kuamua ni watu watatu. Anayetaka kuwaweka katika kiti kimoja na kukiita kiti hicho ulezi hana budi atueleze atafanyaje na haya.

Kwa upande wa milima yenyewe tunacho kitabu cha Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi 'l-Ajjemy, ambacho J. W. T. Allen alikitengeneza kikachapishwa tena Nairobi mwaka 1962. Mwandishi alikaa miaka mingi karibu na Wakilindi, na ingawa wanahistoria wamekisoma kwa ajili ya Mbegha na Kimweri, mimi naona wataalamu wa lugha wangekisoma kwa ajili ya mashauri yake. Kitabu kimejaa watu wanaoketi, wanaosemezana, wanaotumana. Wakilindi walitawala, wana wa mfalme wakapewa nchi za kutawala. Lakini penye mfalme kule Vugha walikuwapo wakubwa wa Washambaa wasiokuwa Wakilindi, na hao ndio waliokuwa na ulimi wa kumwambia mtawala asilopenda kusikia. Waliweza kusema kwa kuwa hawakuweza kurithi. Mkilindi akimshauri Mkilindi, kila mmoja humtazama mwenzake kama mshindani wa kiti, na baada ya Kimweri kufa mwaka 1862 dunia iliona mwisho wa mashauri ya namna hiyo.

Steven Feierman, aliyeandika juu ya nchi hii mwaka 1974 na tena mwaka 1990, ameeleza maneno mawili ya Kishambaa ambayo nayaona kuwa yametangulia mbali mbele ya fomu zetu: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Na mojawapo ya sababu za kuharibika nchi, kwa fikra ya Washambaa, ni nguvu kwa nguvu, pale wenye uwezo wawili wanaposhindana pasiwe na aliye juu. Mtu aweza kunipinga hapa kwa kusema kwamba basi Washambaa wanamtaka mkuu mmoja mwenye nguvu zote, nasi tumpe mkuu wa idara kila kitu, nasaha na hukumu pamoja. Hasha. Nguvu moja ya kuamua haikatazi midomo mingi ya kunasihi. Vugha yenyewe ndiyo mfano. Kinachoharibu idara ni pale nasaha inapokuwa silaha, maana hapo hata mhadhiri hutafuta nguvu yake, kwa mkuu wa kitivo au kwa askofu, na idara nzima hugawanyika.

Serikali nayo ilipata kuligusa jambo hili. Mwaka 2004 utumishi wa umma uliacha taarifa za siri, ambazo mkubwa aliandika na mdogo hakusoma, ukaingiza mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, uliofupishwa MWAMTUKA, ambao watu wengi waliendelea kuuita kwa ufupisho wake wa Kiingereza, OPRAS. Mkubwa na mdogo walitakiwa wakubaliane juu ya malengo na watie sahihi wote wawili. Kwa upande wa haki hiyo ilikuwa hatua kubwa, wala sitaki kuidharau. Kwa upande wa lugha, tazama kwamba jina lilikuwa na tathmini, nalo lilikuwa jina la kweli: lilisema waziwazi kwamba hapa mtu anapimwa. Vyuo vya madhehebu na vya watu binafsi havikufungwa na mfumo ule, lakini vingi vilijifunza kwake sura ya fomu. Kisha, kwa kutaka upole, wengine waliliondoa neno tathmini wakaweka ulezi. Upole wa namna hiyo ni hasara. Mtu anayepimwa ana haki ya kujua kwamba anapimwa.

Mahali kama Magamba pana jambo jingine la kupimia uzito wa maneno, nalo ni uchungaji. Katika chuo cha kanisa mkuu wa idara aweza kuwa amewekewa mikono, na mhadhiri humwita Mchungaji hata ofisini. Jina hilo lina ahadi ndani yake: yaliyosemwa kwa mchungaji hayatoki. Akilisikia jina hilo mhadhiri husema mengi. Lakini mchungaji huyo, Jumatatu, ni mtia sahihi. Sijui njia ya kulitatua jambo hili isipokuwa mkuu mwenyewe aseme mwanzoni, kwa Kiswahili cha wazi, ni yupi kati ya wawili hao aliyeketi kitini siku hiyo.

Nimesema kwamba chuo kile kilijulikana kwa elimu maalumu, na hapo ndipo naona fedheha tamu. Walimu wa elimu maalumu wanajua kuliko sisi sote kwamba kuna kumpima mtoto ili kubaini mahitaji yake, na kuna kumtahini ili kumpanga daraja. Na kwamba anayechanganya mawili hayo humdhuru mtoto. Wanayo maneno yake, upimaji na mtihani, na huwafundisha wanafunzi wao wasiyachanganye. Mtoto kipofu haulizwi kwa nini haoni ubao. Huulizwa anahitaji nini ili asome. Mtaalamu yule yule akivuka uwanja kwenda ofisini kwa mkuu wake wa idara, aweza kuulizwa kwa nini hajachapisha, na asiulizwe anahitaji nini ili achapishe. Idara haikukosa elimu ya jambo hili. Iliifundisha darasani, ikaisahau koridoni.

Pendekezo langu ni dogo. Neno ulezi libaki nyumbani kwa watoto. Kazi ya mkuu wa idara kwa mhadhiri wake iitwe tathmini, ifanywe kwa vitenzi vyenye mtendaji: nimeona, nimesoma, sijaridhika. Hata penye mzee mwenye miaka 57 sentensi ya nimeona yaweza kusemwa kwa taadhima, ikitanguliwa na shikamoo na kufuatwa na swali. Wazee wetu hawaogopi lawama yenye mwenyewe, huchukia lawama ya yatima. Na ile kazi ya pili, ya kusikiliza neno sijui, ipewe mtu mwingine na iitwe unasihi. Wako watakaopenda aitwe somo, na mimi mwenyewe ningependa, kwa kuwa neno hilo limebeba rafiki, na mwenye jina moja nawe, na kitu cha kujifunza; lakini natambua kwamba kwa watu wa pwani lina harufu ya udi na chumba cha mwali, na maprofesa wa kiume watacheka.

Pana swali la mwisho la watendaji: katika chuo kidogo mnasihi asiye na mamlaka atoke wapi? Idara ya Kiswahili ya Dar es Salaam, tangu ilipoanzishwa mwaka 1970 hata ilipounganishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2009, ilikuwa na wazee wa kutosha kugawana kazi hizo. Chuo cha mlimani hakina. Lakini kina majirani. Mkuu wa idara ya elimu maalumu aweza kuwa mnasihi wa mhadhiri wa sosholojia, na mkuu wa sosholojia akawa mnasihi wa mhadhiri wa elimu maalumu, kila mmoja akikatazwa kuandika neno lolote katika jalada la mwenzake. Ofisi zao zinatenganishwa na uwanja tu, na mvua za Magamba zikinyesha ni dakika tatu kwa mwavuli.